Nikiweka dawa ya sumu ya nyoka kwenye friji ya nyumbani, itatusaidia?

Msomaji mmoja wa Ruai, Nairobi, ameuliza hivi: "Daktari, habari ya kazi. Mimi ni mama wa watoto wawili, tulihamia kwenye ploti yetu mwaka jana. Tangu mvua ianze tumeua bafe wawili, mmoja kando ya tangi la maji na mwingine kwenye mawe yaliyobaki ya mjengo. Jirani naye anasema ameona nyoka wa kusimama na kupanua shingo. Hospitali kubwa ziko mbali, na Barabara ya Kangundo jioni unaijua. Kuna kijana wa kemisti mjini ambaye anaweza kunipatia kichupa kimoja cha dawa ya sumu ya nyoka nikiweke kwenye friji. Nimeshampa amana ya shilingi 3,000. Shemeji yangu ni muuguzi, anaweza kutuonyesha jinsi ya kudunga. Je, kichupa kimoja kitatosha? Na mtoto wa miaka minne apewe nusu?"

Mama, salamu zimefika, na pole kwa hofu. Wahenga walisema aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Wewe hujaumwa, lakini bafe wawili ndani ya ua mmoja wanatosha kumfanya mtu aanze kukung'uta viatu kila asubuhi.

Swali lako nimeulizwa mara nyingi, hasa na watu waliohamia Ruai, Kamulu, Kitengela na kule nyuma ya Rongai, ambako nyumba zimefika kabla ya hospitali. Silidharau hata kidogo, kwa sababu ni wazo la mtu anayejua jamu. Jibu langu hata hivyo ni hapana, usiiweke. Ukijua kilichomo ndani ya hicho kichupa na namna kinavyotumika, nadhani utakubaliana nami kwamba mahali pake si kando ya maziwa na sukuma wiki.

Kilichomo ni kingamwili za farasi. Nyoka hushikwa kichwa, meno yake yakabonyezwa kwenye ngozi nyembamba iliyofunika mdomo wa glasi, na sumu ikadondoka ndani. Farasi hudungwa sumu hiyo kidogo sana, kisha kiasi kinaongezwa taratibu, kwa wiki na miezi, mpaka mwili wake uizoee na kujaza damu kingamwili za kupambana nayo. Damu ikitolewa, sehemu ya majimaji hutengwa na kusafishwa, na kingamwili ndizo zinazowekwa kwenye vichupa. Viwanda vingi huzikata kwanza kwa kimeng'enya ili kupunguza kile kinachowasumbua wagonjwa. Hospitalini tunaiita antivenomu. Kazi yake ni kuikamata sumu inayozunguka mwilini na kuifunga. Nyama ambayo imeshakufa haiwezi kuifufua, na ndiyo maana mgonjwa anayefika baada ya siku mbili za kuzungushwa kwa waganga tunamwokoa roho lakini mguu unabaki na shida.

Kwa hiyo kuna mambo mawili yanayoletwa na huyo farasi. La kwanza, kingamwili zake zinazijua zile sumu alizodungwa na jamaa zake wa karibu tu. La pili, unammiminia binadamu protini ya mnyama mwingine moja kwa moja kwenye mshipa.

Hilo la kwanza liliwachanganya hata mabingwa. Albert Calmette, Mfaransa wa Taasisi ya Pasteur, alitengeneza dawa ya aina hii miaka ya 1890 kwa sumu ya swila wa Asia, akaamini kwamba ingefaa kwa nyoka wengine pia. Ni Vital Brazil, daktari wa São Paulo, aliyeonyesha mwanzoni mwa karne ya 20 kwamba dawa ya swila haiwafai watu walioumwa na nyoka wa Brazili. Ungedhani suala hilo liliisha hapo. Lakini katika hospitali moja ya mashambani nchini Ghana, dawa waliyoizoea ilipobadilishwa wakaletewa nyingine iliyotengenezwa India, vifo vya walioumwa na nyoka vilipanda kutoka asilimia 1.8 hadi asilimia 12.1. Wauguzi walikuwa walewale na sindano zilezile, ila farasi aliyetoka kwenye kichupa hakuwa amewahi kukutana na nyoka wa Ghana kwa njia iliyotakiwa.

Sisi hapa hatukuponyoka. Kenya haijaanza kutengeneza dawa yake, ingawa pale Karen, kwenye taasisi ya utafiti wa nyani iliyo karibu na msitu wa Oloolua, kuna kituo kinachofuga nyoka na kuifanyia kazi ndoto hiyo. Tunaagiza yote kutoka nje. Mwaka 2014 kampuni ya Sanofi iliacha kutengeneza Fav-Afrique, iliyokuwa ikitegemewa sana barani, na shehena ya mwisho ikaisha muda mwaka 2016. Pengo likazibwa na kila aina ya vichupa. Mwaka 2017 watafiti wa Liverpool na wenzao wa Kenya walichapisha matokeo ya kupima kwa panya wa maabara dawa zilizokuwa zikipatikana nchini. Ile ya Afrika Kusini ilifanya kazi nzuri, lakini nyingine kadhaa zilikuwa dhaifu mno dhidi ya baadhi ya sumu za Afrika Mashariki. Zote zilikuwa na picha ya nyoka kwenye boksi.

Kwa hiyo, ukikutana tena na huyo kijana wa kemisti, mwombe akuonyeshe karatasi iliyomo ndani ya boksi. Usimsikilize akisema "hii ni ya nyoka wote". Angalia majina ya Kilatini. Ukiona Naja naja, Daboia russelii, Bungarus caeruleus na Echis carinatus, hao ni nyoka wanne wakuu wa India, na bafe wako wa kando ya tangi hayumo. Ya kwetu lazima iwe na Bitis arietans, ambaye ndiye bafe; swila wa kutema wa Afrika, kama Naja nigricollis; na Dendroaspis polylepis, koboko. Nimewahi kuletewa na ndugu wa mgonjwa boksi safi kabisa, ambalo muda wake haukuwa umeisha, limenunuliwa kwa pesa za mchango wa usiku mmoja wa simu. Nilisoma hiyo karatasi chini ya taa ya korido na kukuta wale wanne wa India. Kumwambia mtu huyo ukweli saa saba za usiku ni kazi ambayo hakuna aliyenifundisha chuoni.

Sasa hilo la pili, la protini ya farasi. Badala ya kukueleza kwa maneno ya kitabu, nikupeleke wodini.

Mgonjwa ni kijana wa kazi za mjengo, kaumwa na bafe kwenye kifundo cha mguu akienda kukojoa gizani. Kaletwa na boda boda, kakaa katikati ya dereva na rafiki aliyemshika kiunoni. Chini ya goti wamemfunga kamba ya kiatu mpaka imezama kwenye nyama. Hatuikati hapohapo. Kwanza tunaweka njia ya dripu, tunapima presha, ndipo tunailegeza polepole, kwa sababu sumu na uchafu uliozuiliwa hapo chini unaweza kupanda kwa pamoja. Muuguzi anachukua kalamu anachora mstari pale uvimbe ulipofika, anaandika saa pembeni: saa tatu na dakika kumi. Robo saa baadaye uvimbe umeshauruka mstari, tunachora mwingine. Mguu wa mtu huyo asubuhi ulikuwa kama rula.

Wakati huohuo tumemtoa damu kidogo, tumeitia kwenye chupa safi na kavu ya glasi, tumeisimamisha juu ya meza na hakuna anayeruhusiwa kuigusa. Dakika 20. Ikifika muda tunaiinamisha mara moja tu. Ikiwa imeganda kama jeli, vizuri. Ikimwagika kama chai, sumu imeharibu ugandaji wa damu na mgonjwa anaweza kuvuja damu popote, hata kichwani. Lazima iwe glasi, kwa kuwa kwenye plastiki damu huchelewa kuganda na utadanganyika. Kipimo hiki hakihitaji mashine wala stima, na bado ninashangaa ni hospitali ngapi hazina chupa ya glasi.

Kabla hatujafungua dawa yenyewe, adrenalini inavutwa kwenye sindano na kulazwa kwenye sinia kando ya kitanda. Hiyo ni sheria. Oksijeni iko tayari. Ndipo vichupa vinafunguliwa. Hii ilikuwa ya unga, kwa hiyo unaweka maji yake na kuzungusha kichupa taratibu kati ya viganja, bila kukitikisa, maana ukitikisa kinajaa povu na protini zinaharibika. Kichupa kimoja huweza kuchukua dakika kumi kuyeyuka, na sisi tulikuwa tunahitaji sita. Fikiria watu wazima watatu wamesimama wakizungusha vichupa kama watu wanaopasha mikono moto, huku mama wa mgonjwa akiuliza mnangoja nini.

Dawa ikachanganywa kwenye chupa ya dripu na kuanza kuingia polepole. Dakika ya 12 kijana akaanza kujikuna shingo. Nikainua shuka nikaona mapele yamejaa kifuani, na pumzi imeanza kupiga filimbi. Tukafunga dripu, adrenalini ikaingia kwenye msuli wa paja, tukamshika mkono. Baada ya muda mapele yakaanza kufifia, tukaifungua tena dripu kwa mwendo wa pole zaidi. Aliendelea vizuri, ingawa ngozi ya kifundo ilichukua wiki nyingi kupona.

Sasa hamisha tukio hilo ulilete sebuleni kwako saa tatu usiku, stima imepotea, shemeji muuguzi yuko zamu upande wa pili wa mji, na anayeanza kupiga filimbi ya kifua ni mtoto wa miaka minne. Mzio wa namna hiyo unaweza kuua haraka kuliko bafe mwenyewe. Wagonjwa wanaopata mmenyuko si wachache, na hakuna kipimo cha ngozi kinachotabiri nani ataupata. Vile vya zamani tumeviacha. Na usije ukafikiri kudunga kidogo kwenye msuli, au kuzunguka pale palipoumwa, ni njia salama zaidi. Dawa hii hupewa kwenye mshipa. Ikidungwa penye jeraha inaongeza shinikizo kwenye nyama iliyovimba na haifiki inakotakiwa.

Kuhusu idadi sasa. Kichupa kimoja hakitoshi. Dawa ya Afrika Kusini huja katika vichupa vya mililita 10, na kwa bafe aliyeuma vizuri tunaanza na vitano au zaidi. Kwa koboko tunafikiria kumi, na wakati mwingine tunaongeza. Kichupa kimoja ni kama kuzima nyumba inayoungua kwa kikombe.

Na mtoto hapewi nusu. Hapa karibu kila mzazi hukosea, na hata madaktari wapya. Dawa nyingi tunapima kwa kilo, lakini hii haipimwi dhidi ya mwili wa mgonjwa, inapimwa dhidi ya sumu. Nyoka hakumuuliza mwanao uzito wake kabla ya kumuuma. Amemtia kiasi kilekile ambacho angemtia baba yake, tena kwenye mwili mdogo, kwa hiyo mtoto anapewa idadi ileile ya vichupa kama mtu mzima. Kinachopunguzwa ni maji ya dripu ya kuchanganyia, ili tusimzamishe.

Friji yenyewe sitakaa sana. Dawa ya majimaji inataka nyuzi 2 hadi 8 muda wote, na ikiganda barafu imeharibika. Ile ya unga inavumilia joto la kawaida. Unajua mwenyewe stima ya Ruai.

Basi ufanye nini na hofu yako? Mfano ninaoupenda unatoka mbali, Nepal, eneo la Damak kwenye nyanda za chini za mashariki. Huko watu walikuwa wakifa njiani, kama sisi. Hawakugawa vichupa majumbani. Walipanga vijana wenye pikipiki kila kijiji, wa kujitolea, wakawaelimisha wanakijiji kwamba mtu akiumwa anakalishwa katikati, mmoja nyuma anamshika, wanakimbia moja kwa moja hadi kituo chenye dawa. Vifo miongoni mwa walioumwa vilishuka kutoka asilimia 10.5 hadi asilimia 0.5. Dawa ilikuwapo tangu mwanzo. Kilichokosekana kilikuwa pikipiki na mtu wa kuipigia simu. Nairobi nani anakosa boda boda?

Kwa hiyo kazi yako ya wiki hii ni ya simu. Piga hospitali zilizo upande wako, Mama Lucy Kibaki kwa kuwa iko njia yenu, Kenyatta, na za binafsi unazozifikia kupitia Eastern Bypass. Omba duka lao la dawa, usiishie kwa mtu wa mapokezi, maana yeye atakwambia "tunayo" kwa nia njema tu. Uliza wana vichupa vingapi leo, ni vya nyoka gani, na kama wana mashine ya kupumulia. Rudia baada ya miezi miwili mitatu kwa sababu akiba huisha. Andika majina mawili nyuma ya mlango wa jikoni. Halafu mtafute mwenye boda boda mmoja anayelala karibu, na mwenye gari mmoja, mkubaliane kabla.

Hilo la mashine ya kupumulia nimelitaja kwa makusudi. Bafe anaharibu mguu: uvimbe, malengelenge, maumivu makali, wakati mwingine kuvuja damu na presha kushuka, na kwa kawaida anakupa saa kadhaa. Koboko ni habari nyingine. Huyu Waingereza walimpa jina la Kizulu, mamba, wakamwita "black mamba", nasi tukabaki tukieleza wageni kwamba mamba wetu ana miguu minne na anakaa mtoni; wala yeye si mweusi, ana rangi ya majivu, weusi uko ndani ya kinywa. Sumu yake haivimbishi sana. Inazima misuli. Ukiona kope za mtu zinashuka kama mwenye usingizi, maneno yanateleza na mate yanamshinda kumeza, pumzi inafuata. Mgonjwa wa namna hiyo anaweza kuokolewa hata kabla dawa haijapatikana, mradi kuna mtu wa kumpumulisha. Nimemwona muuguzi akibonyeza puto la hewa kwa mkono kutoka mji mmoja hadi mwingine ndani ya ambulensi, akibadilishana na dereva wa akiba, na mgonjwa yule leo anauza mitumba. Sisemi koboko yuko kwenye ua wako. Ninachosema ni kwamba hospitali yenye dawa na isiyo na pumzi ni nusu hospitali.

Huyo wa jirani, wa kusimama na kupanua shingo, ni swila, na wengi wa huku ni wa kutema. Anapotema hulenga uso, hata umbali wa mita mbili au zaidi. Jicho huwaka kama limetiwa pilipili. Hapo hakuna haja ya antivenomu kabisa. Maji, mama, maji mengi ya bomba yanayotiririka, dakika 15 hadi 20, jicho likiwa limefunguliwa kwa nguvu kama mtoto anakataa, kisha hospitali wakaliangalie kama limechubuka. Wasikwambie maziwa ya ng'ombe yana nguvu ya pekee. Yakiwa ndiyo kimiminika pekee kilichopo, tumia, lakini maji yakiwepo ni maji. Akiuma badala ya kutema, nyama hufa pale alipouma, na hapo ni hospitali mara moja.

Mtu akiumwa pale nyumbani, la kwanza ni kumwondoa alipo nyoka na kumkalisha au kumlaza. Vua pete, bangili, saa, kiatu, kabla uvimbe haujafika. Pete ya ndoa kwenye kidole kilichovimba nimeikata kwa msumeno mdogo, na mwenyewe alilia zaidi kwa pete kuliko kwa kidole. Mguu au mkono ufungwe kwenye ubao au hata kadibodi usichezecheze, kama aliyevunjika. Kamba usikaze. Usichanje, usinyonye, usipake mafuta ya taa, usimpe pombe. Kwa maumivu mpe paracetamol, si aspirini wala ibuprofen, kwa sababu hizo huongeza kuvuja damu. Akitapika alale ubavu wa kushoto. Simu ipigwe boda boda akiwa ameshalazwa, si baada ya mkutano wa familia.

Na lile jiwe jeusi. Najua liko, karibu kila ukoo una shangazi mwenye jiwe la nyoka kwenye kitambaa. Ni mfupa uliochomwa. Hung'ang'ania kwenye jeraha kwa kuwa una vitundu vinavyonyonya unyevu, na watu wakiliona limeshika wanaamini linavuta sumu. Sifa zake zinatokana na jambo moja la kweli: nyoka wenye sumu mara nyingine huuma bila kutia sumu, na hao walioumwa "kavu" wangepona hata kwa kuwekewa sarafu. Sigombani na shangazi. Ninachoomba ni jiwe liwekwe mtu akiwa juu ya pikipiki.

Kwa sababu hiyohiyo, usikasirike ukifika hospitali wakakataa kukuwekea dawa papo hapo. Si kila aliyeumwa anaihitaji. Asiye na uvimbe unaopanda, ambaye damu yake inaganda na kope ziko juu, hulazwa akaangaliwa kwa saa 24, akapewa chanjo ya pepopunda, akaenda nyumbani. Kumwekea mtu kama huyo protini ya farasi ni kumtafutia ugonjwa ambao hakuwa nao. Aliyewekewa naye aambiwe kwamba wiki moja baadaye anaweza kupata homa, mapele na viungo kuuma. Huo ni mwili ukimkataa farasi kwa kuchelewa, na una dawa. Arudi hospitali, asiende kudhani nyoka amerudi kumroga.

Nyoka mwenyewe msimlete. Kila mwaka mtu huumwa akijaribu kumwua ili daktari amwone, na kichwa kilichokatwa bado huweza kuuma kwa muda. Picha ya simu kutoka mbali inatosha, na isipokuwepo tutatibu kwa dalili.

Kuhusu ua wako, mawe ya mjengo ndiyo hoteli yenyewe. Yaondoe, au yapange mbali na nyumba. Bafe hakuja kukutafuta, alikuja kutafuta panya, na panya wamekuja kwa ajili ya mahindi na chakula cha kuku. Nyasi ziwe fupi kuanzia mlangoni hadi chooni na kwenye tangi. Bafe ana tabia moja mbaya: akisikia hatua hakimbii, anajilaza akiamini rangi yake inatosha kumficha, na kweli inatosha. Ndiyo maana wengi hukanyagwa. Usiku ni tochi na viatu vilivyofunika kifundo, hata kama ni hatua kumi. Watoto walale juu ya kitanda, neti imechomekwa chini ya godoro.

Nikubali jambo moja kwa ajili yako. Wazo la kuwa na kitu nyumbani huenda siku moja likawa sahihi. Kule Kilifi watafiti wamejaribu dawa ya kumeza iitwayo unithioli, iliyotumika zamani kwa watu waliodhurika na madini mazito, kwa sababu inaweza kuizuia sehemu ya sumu ya nyoka wa jamii ya bafe. Majaribio ya kwanza yalifanywa kwa watu wazima wenye afya, kuona ni kipimo gani kinavumilika. Haina farasi wala haihitaji dripu. Ikithibitika kwa walioumwa, nitakuwa wa kwanza kukwambia uiweke kabatini. Bado.

Ile amana ya shilingi 3,000, mrudie kijana wa kemisti leo kabla hajaagiza. Akikurudishia hata nusu, gambuti za mtoto na tochi ya kuchaji zinapatikana Gikomba kwa pesa hiyo, na itakayobaki mpe huyo mwenye boda boda kama mafuta ya safari ya majaribio: saa kumi na mbili jioni, kutoka getini kwako hadi mlango wa dharura, ukiwa na saa mkononi.